Kuunganisha Programu Huria za Kitaaluma na Kumbukumbu za Chuo

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi tu, wala si la wachungaji na wanafunzi wa theolojia: namna tovuti za kitaaluma zilizojengwa kwa programu huria zinavyounganishwa na mifumo ambayo chuo kinayo tayari, yaani masijala, ofisi ya mhasibu na maktaba. Tumeona vema kuliandika kwa wasomaji wa kurasa hizi kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wao wataketi katika mabaraza ya vyuo na halmashauri za dayosisi, nao wataombwa kupitisha fedha za kazi hii bila kuelezwa ni kazi gani. Pili, katika kuunganisha mifumo huamuliwa nani ahesabiwe kuwa mwanafunzi na nani asihesabiwe. Na uamuzi huo mara nyingi hutekelezwa usiku wa manane na mashine, pasipo mtu yeyote kuutafakari.

Programu huria na zile zinazotumika vyuoni

Neno "huria" halina maana ya bure. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya fundi aliyeitunga, uko wazi kwa yeyote kuusoma, na leseni yake yamruhusu aliyeipokea kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuibadili na kuwagawia wengine. Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na leseni ijulikanayo kwa herufi GPL ilitolewa mwaka 1989. Leseni hiyo ina sharti moja zito: anayeibadili programu na kuwapa wengine, hana budi kuwapa pia uhuru uleule alioupokea yeye.

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na kwingineko, programu nne za namna hii hukutwa mara kwa mara. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Agosti 2002, ni darasa la mtandaoni: mwalimu huweka humo masomo, hupokea kazi za wanafunzi na kuzisahihisha. DSpace, iliyotolewa Novemba 2002 na maktaba za chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ni ghala la tasnifu na maandiko ya kitaaluma; Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere ni miongoni mwa vinavyoitumia. Open Journal Systems, kazi ya mradi ulioanzishwa na John Willinsky nchini Kanada mwaka 1998, ni ya kuendeshea jarida tangu makala kupokelewa na kupimwa hadi kuchapishwa. Ya nne ni Koha, ya maktaba. Hiyo ilitungwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani haukutazamiwa kuvuka salama mwaka 2000. Ikaanza kazi Januari 2000. Kwa lugha ya Wamaori neno koha ni zawadi, nayo ni zawadi ambayo mila yao hutazamia irudishwe kwa namna fulani. Twadhani hakuna jina lililoeleza vizuri zaidi programu huria ni kitu gani.

Lakini zawadi hizi zahitaji kutunzwa. Hakuna ada ya leseni, ila kuna seva, umeme, betri za kuishikilia seva umeme ukikatika, na zaidi ya vyote kuna mshahara wa mtu anayezifahamu. Baraza linalopitisha programu huria kwa kuwa "haina gharama" limedanganywa, au limejidanganya.

Mtu mmoja, majina matatu

Shida yenyewe ndiyo hii: kila programu huja na daftari lake la watumiaji. Chuo chenye hizo nne, pamoja na masijala na hesabu za mhasibu, kina madaftari sita, na hakuna linalojua habari za lingine. Katika chuo kimoja ambacho tuliwahi kukisaidia, tulimkuta mwanafunzi mmoja ambaye kwa mashine alikuwa watu watatu. Masijalani aliandikwa kwa majina yaliyomo katika cheti chake cha kidato cha nne. Maktabani, kwa jina la ubatizo na jina la mume wake. Katika Moodle alijiandikisha mwenyewe kwa anwani ya baruapepe aliyofunguliwa na kijana aliyemwuzia simu, yenye jina ambalo hata yeye hakujua lilitoka wapi. Alikopa vitabu kwa jina moja, akafanya majaribio kwa jina la pili, na matokeo yakatafutwa kwa jina la tatu. Yakakosekana.

Mchungaji yeyote aliyewahi kutafuta habari za mtu katika kitabu cha ubatizo cha usharika wa zamani atalielewa jambo hili upesi kuliko fundi wa kompyuta. Yohana ameandikwa Yohane, na mahali pengine Johannes kwa mkono wa mmisionari; jina la baba limekuwa jina la ukoo; binti ameolewa na kuhama. Mzee wa kanisa aliyewafahamu wote aliweza kusema, "Huyu ni yule." Mashine haina mzee wa kanisa. Kwake, herufi moja ikitofautiana, hao ni watu wawili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuunganisha mifumo si ya kompyuta hata kidogo. Ni kukubaliana juu ya alama moja ambayo kwayo kila mtu atatambuliwa katika madaftari yote. Jina halifai, kwa sababu tulizozitaja. Anwani ya baruapepe haifai, maana watu hupoteza nywila na kufungua nyingine. Namba ya simu haifai zaidi, kwa kuwa laini iliyoachwa bila kutumika huuzwa kwa mtu mwingine. Wengi hukimbilia namba ya usajili, nayo ni afadhali, ila ina kasoro ambayo huonekana baada ya miaka mitatu minne: anayemaliza stashahada na kurudi kusoma shahada hupewa namba mpya, akawa mtu mpya. Tunashauri chuo kitoe namba ya mtu, tofauti na namba ya masomo. Itolewe mara moja, isibadilike, wala asipewe mwingine hata mwenyewe akifariki. Moodle ina nafasi ya kuiandika namba hiyo mbali na jina la kuingilia, na Koha ina namba ya kadi ya msomaji. Nafasi zipo tayari. Mara nyingi huachwa tupu.

Kila habari na mwenyewe

Likiisha kupatikana hilo, yapasa kuuliza ni nani mwenye neno la mwisho juu ya kila habari. Jina na programu ya masomo ni vya msajili. Ada ni ya mhasibu. Vitabu vilivyoazimwa ni vya mkutubi. Alama ni za mwalimu mpaka bodi ya mitihani izithibitishe, na tangu hapo ni za msajili. Habari itoke kwa mwenyewe kwenda kwa wengine, wala isirudi nyuma. Mkutubi akigundua kwamba jina limekosewa, asilisahihishe kwake. Ampelekee msajili, nalo litamrudia likiwa sahihi. Kanuni hii yaudhi, kwa maana yachelewesha jambo dogo, lakini pasipo hiyo madaftari huanza kubishana, na baada ya muhula mmoja hakuna ajuaye lipi liaminiwe.

Njia za kupitishia habari ni kadhaa. Ya kwanza ni faili ya kawaida ya safu na mistari, ambayo msajili huitoa na fundi huiingiza katika Moodle na Koha. Ya pili ni kuiruhusu Moodle isome yenyewe hifadhidata ya masijala. Kwa kuwaandikisha wanafunzi katika masomo yatosha jedwali lenye safu mbili, namba ya mtu na namba ya somo. Hapo ni lazima Moodle ipewe ruhusa ya kusoma tu, tena isome jedwali lililotayarishwa kwa ajili yake, wala si hifadhidata yote. Hakuna sababu ya darasa la mtandaoni kuona madeni ya mtu au hati za daktari. Ya tatu ni saraka moja ya watumiaji kwa itifaki ya LDAP, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993, ambayo programu za namna hii huweza kuiuliza, "Je, nywila hii ni ya mtu huyu?"

Kwa chuo chenye wanafunzi mia mbili, sisi twaona faili inayoingizwa kila wiki yatosha kabisa, hasa ikiwa msajili aiangalia kwa macho kabla ya kuitoa. Tumeona vyuo vidogo vikijenga daraja la chuma ili kuvuka mfereji, halafu fundi akahama na daraja likafungwa. Chuo chenye wanafunzi elfu tano ni habari nyingine.

Alama za mitihani tungeziweka kando na haya yote. Yawezekana kuzitoa Moodle na kuzipeleka masijalani pasipo mkono wa mtu kugusa, na wapo wanaosifu jambo hilo. Sisi twapenda zipite katika karatasi iliyotiwa sahihi na mwenyekiti wa bodi, hata kama karatasi hiyo imetolewa na mashine.

Mwanafunzi anapotoweka

Sasa twafika penye hatari, nasi tutakaa hapo kidogo.

Kuandikisha ni rahisi. Swali gumu ni hili: jina likitoweka katika orodha itokayo masijalani, programu nyingine zifanye nini? Moodle humpa msimamizi nafasi ya kuchagua. Inaweza kumwacha mwanafunzi kama alivyo. Inaweza kumsimamisha, yaani asiweze kuingia lakini kila kitu chake kibaki. Au inaweza kumwondoa katika somo kabisa. Programu yenyewe humwonya msimamizi kwamba katika kumwondoa mtu baadhi ya habari zake katika somo hilo hufutwa. Onyo hilo ni mstari mmoja wa herufi ndogo, nao ni rahisi kuurukia.

Katika chuo kilekile tulichokitaja, orodha ilitengenezwa kutokana na daftari la mhasibu na si la msajili. Hoja ilikuwa njema: asiyelipa ada asipate huduma. Uchaguzi ukawekwa kwenye kuondoa. Mwanafunzi mmoja alikuwa akisomeshwa na usharika wake, ambao hukusanya ahadi baada ya mavuno ya kahawa. Mwaka ule mvua zilichelewa, na mavuno yakachelewa. Tarehe ya mwisho ya ada ikapita siku ya Ijumaa. Usiku ule mashine ikafanya kama ilivyoagizwa. Jumatatu alipofungua somo la Agano Jipya aliambiwa kwamba hakuandikishwa. Fedha ziliwasili siku kumi na mbili baadaye, akaandikishwa upya, na kazi zake za wiki tisa hazikuonekana. Mwalimu wake alikuwa na kumbukumbu ya baadhi yake kwa sababu ya mazoea ya zamani ya kuandika alama katika daftari la mkono. Nyingine alizifanya tena.

Hakuna mtu aliyemfukuza. Mhasibu alisema alifuata kanuni za ada, fundi alisema alifuata maagizo ya mhasibu, na mkuu wa chuo hakuwa na habari. Kabla ya mashine, kumzuia mwanafunzi kuingia darasani kulihitaji mtu amwite ofisini na kumwambia usoni; na katika kumwambia, mara nyingi ilijulikana kwamba barua ya dayosisi iko njiani. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoondolewa, bila mtu kukusudia.

Tangu hapo tumeshika kanuni tatu, nasi twazitoa kwa ambao zitawafaa. Orodha ya madarasa itoke kwa msajili, kamwe isitoke kwa mhasibu. Mashine iruhusiwe kusimamisha, isiruhusiwe kuondoa. Kuondoa kufanywe na mtu mwenye jina, baada ya bodi kukaa. Na kila usiku, kabla ya orodha mpya kutumika, programu ihesabu: ikiwa waliotoweka ni zaidi ya idadi ndogo iliyokubaliwa, isifanye lolote ila imwandikie msajili na kungoja. Kanuni hii ya mwisho yafaa pia pale faili inapokatika katikati kwa sababu ya umeme, ikafika na nusu ya majina.

Shibolethi

Yapo mahitaji mengine yanayovuka mipaka ya chuo. Mwanafunzi wa uzamili ataka kusoma majarida ambayo chuo kingine au shirika fulani huyatoa kwa wanachama wa vyuo tu. Je, shirika hilo litajuaje kwamba yeye ni mwanafunzi? Zamani alipewa nywila ya pamoja, ambayo baada ya mwezi mmoja ilijulikana mji mzima.

Programu huria ya kutatua jambo hili ilianza kutungwa Marekani mwaka 2000 katika ushirika wa vyuo uitwao Internet2, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2003. Waliipa jina Shibboleth. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi: ni Waamuzi sura ya 12, Yeftha na watu wa Gileadi wakivishika vivuko vya Yordani, na Waefraimu wakipimwa kwa neno moja ambalo ulimi wao haukuweza kulitamka. Walioanguka wakati ule walikuwa 42,000.

Utendaji wake ni huu. Mwanafunzi afunguapo huduma ya mbali, huduma hiyo haimwombi nywila, bali humrudisha kwenye chuo chake. Anajitambulisha nyumbani, na chuo hutuma kwa ile huduma hati iliyotiwa sahihi ya kimashine. Huduma haiioni nywila yake hata mara moja. Zaidi ya hayo, chuo chaweza kuchagua hati iseme nini. Yaweza kutaja jina, anwani na idara. Au yaweza kusema tu, "Huyu ni wa kwetu," pasipo kutaja ni nani. Kwa kusoma makala ya jarida, maneno hayo manne yatosha. Lugha ya hati hizo, SAML, ilifikia toleo lake la pili mwaka 2005, na huduma ya eduGAIN, iliyoanza mwaka 2011, huunganisha mashirikisho ya vyuo ya nchi nyingi ili hati ya chuo kimoja iaminiwe na kingine.

Kwa maoni yetu jina lile lafaa kuliko wengi wanavyodhani. Kivukoni hakuulizwa mtu ametenda nini. Iliangaliwa alama moja tu, sauti ya herufi. Mashine nayo huangalia alama moja. Ndiyo sababu twasisitiza sana usahihi wa orodha ya msajili: aliyeandikwa vibaya huko, ametamka vibaya kila mahali, na mlinzi wa kivuko hana njia ya kumsikiliza.

Kuonekana kwa watu wa nje

Tumalizie na DSpace na mfumo wa jarida, ambazo hazifungi milango bali huifungua. Kila tasnifu iwekwayo huambatana na maelezo yake kwa utaratibu wa Dublin Core, wenye vipengele vya msingi 15: mtungaji, kichwa, tarehe, lugha, haki na vinginevyo. Utaratibu huo ulianza katika mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, si ule wa Ireland bali ule wa jimbo la Ohio. Kisha kuna itifaki ya OAI-PMH, iliyotolewa mwaka 2001, ambayo kwayo maktaba nyingine hupita na kuvuna maelezo hayo, kama mtu apitaye shambani kwa ruhusa ya mwenye shamba. Itifaki hiyo huvuna maelezo. Maandiko yenyewe hubaki ghalani kwa chuo, na msomaji huongozwa kuyafuata huko kwa anwani ya kudumu.

Hapa kipengele cha lugha chastahili kutajwa. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili ikiachwa bila alama ya lugha, au ikiwekewa Kiingereza kwa sababu ndicho kilichowekwa tangu mwanzo na watungaji wa programu, mwenye kutafuta kazi za theolojia kwa Kiswahili hataipata. Ni kosa la sekunde moja, nalo hudumu.

Yapo pia mambo ambayo hayapasi kuwekwa wazi. Wanafunzi wetu huandika tasnifu juu ya nidhamu ya usharika, magomvi ya urithi, wajane, watu wenye virusi vya UKIMWI. Na katika usharika mdogo, mtu aliyetajwa kwa herufi mbili hutambulikana. Kitabu kilichokaa rafuni kilisomwa na wachache waliofika maktabani. Kikivunwa, chasomwa popote, hata na jirani yake. Sheria ya Kenya ya kulinda data ni ya mwaka 2019. Ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. DSpace huweza kuizuia faili kwa muda au kwa daima huku maelezo yake yakionekana, lakini haiwezi kujua ipi izuiwe. Msimamizi wa tasnifu aulizwe kwa maandishi kabla ya kazi kupokelewa ghalani, wala isiwe baada ya mtu kulalamika.

Twaongeza jambo moja la utendaji. Nywila kuu za mifumo hii zijulikane na watu wawili, na nakala yake ikae ndani ya bahasha iliyofungwa katika sanduku la chuma la mkuu wa chuo. Kila likizo, kabla ya muhula kufunguliwa, nakala ya akiba irejeshwe kwenye kompyuta nyingine na msajili atafute humo majina kumi aliyoyachagua mwenyewe, pamoja na alama zao. Asipoyapata yote kumi, muhula usifunguliwe kwenye mtandao mpaka ijulikane la kumi liko wapi.